Ndani ya Kibuyu

Mwizi hutambulikana kwa mali aliyokutwa nayo, na mlevi kwa mwendo wake njiani. Lakini mtu amdharauye jirani yake moyoni hana alama usoni. Aweza kuamka mapema akasali, akafanya kazi yake kwa uaminifu, akatoa sadaka, akalala usingizi mwema, wala mtu asimwone na kosa. Hata yeye mwenyewe akijitazama haoni kosa. Swali nitakalo tulipime pamoja, msomaji, ni hili: je, Mkristo asiyempiga mtu kwa mkono wala kumtukana kwa kinywa aweza kuwa amemdhulumu kwa wazo tu? Na kama aweza, atalijuaje wazo hilo, maadamu limejificha hata kwake yeye?

Wengi hulijibu swali la kwanza upesi. Husema kwamba wazo halivunji mfupa, na kwamba mtu huhukumiwa kwa matendo yake. Jibu hilo lina sehemu ya kweli, kwa maana hakuna mahakama duniani imwitayo mtu kizimbani kwa sababu ya wazo alilolificha. Walakini dini ya Kikristo haikukoma mlangoni pa mahakama. Katika mafundisho yake ya mlimani, Yesu aliishika amri ya kutoua akaifuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye hasira na kwenye neno dogo limfanyalo ndugu kuwa si kitu. Alijua kwamba mkono haujitumi. Hutumwa na moyo, na moyo huanza kutuma zamani kabla mkono haujainuka.

Hapa Sosiot, katika nchi ya chai ya Kericho, tuna mfano wa jambo hili jikoni mwetu. Katika nyumba za Wakipsigis maziwa ya mursik hugandishwa ndani ya kibuyu. Kibuyu hicho aghalabu huvishwa ngozi na shanga, nacho hupendeza macho ya mgeni. Lakini mama ajuaye kazi yake haanzi na shanga. Huchukua ufito wa mti wa jamii ya mtende uliopondwa ncha yake hata ukafanana na brashi, akausugua ndani ya kibuyu, mahali jicho lisipofika. Kisha hupaka mkaa wa mti uitwao senetwet, ndipo amimine maziwa. Ufito ule, pamoja na mti utokako, huitwa sosiot, jina lile lile la mji wetu mdogo. Mama huyo anajua kwamba masalio ya maziwa ya juzi yakibaki ndani, maziwa ya leo yataharibika, hata kama yametoka kwa ng'ombe mwema. Yesu naye aliwakemea Mafarisayo kwa jambo lilo hilo, akiwafananisha na watu waoshao kikombe nje na kuacha uchafu ndani.

Basi kwa nini uchafu wa ndani hauonekani na mwenyewe? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Dharau haitembei uchi. Huvaa mavazi mazuri, nayo ni mavazi ya wema hasa, hata mwenyewe akiyaona hujisifu. Nitayataja matatu.

Vazi la kwanza ni tahadhari. Tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai wilayani Kericho katika miaka ya 1920, watu wa makabila mengi wamekuja kuichuma: Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo. Watoto wao wengi wamezaliwa huku, wamekaa dawati moja na watoto wa Wakipsigis, na wameimba nao katika kwaya moja. Lakini jembe likipotea bomani, jina litajwalo kwanza ni la nani? Mara nyingi ni la kibarua aliyetoka mbali, ijapokuwa mwana wa nyumbani naye alipita pale pale. Tukiulizwa twasema, "Hatumchukii, twajihadhari tu." Tahadhari ni jambo jema. Walakini tahadhari ya kweli hufunga mlango kwa ajili ya watu wote; ile imtazamayo mmoja tu ina jina jingine. Wala kosa hili halina kabila. Kibarua naye aweza kukaa miaka ishirini kwa mwenyeji wake, akila chakula cha nchi ile na kusalimiwa kila asubuhi, na bado akawaambia watoto wake usiku kwamba wenyeji ni watu wasio na akili.

Vazi la pili ni ucha Mungu. Mtu aliyeokoka humwona mzee asiyekwenda kanisani, akapita mbali naye, na moyoni akahisi kwamba amemtumikia Mungu kwa kupita mbali. Ama husikia kwamba ukoo fulani ulikuwa wa waganga na watabiri, akakataza mwanawe asiucheze mpira na watoto wa ukoo ule. Katika habari hii nchi yetu ina jambo la kukumbuka. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Walaibon, watu wa ukoo wa Talai, kutoka nchi ya Wakipsigis. Wazee kwa vijana, wanawake kwa watoto, walichukuliwa wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nao wakakaa uhamishoni huko miaka mingi mpaka karibu na Uhuru wa 1963. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mamaye alikuwa amekosa nini? Alikosa kuzaliwa katika ukoo uliotajwa. Sheria ile ilipita pamoja na serikali iliyoitunga. Lakini kila Mkristo wa Kericho ana haki ya kujiuliza kama nayo hofu iliyoitangulia imepita moyoni mwake, au kama huiita hofu hiyo kumcha Mungu.

Vazi la tatu ndilo jema kupita yote, nalo ni huruma. Mtu aweza kumpa maskini shati na asimpe kiti. Iko nyumba ambamo mwanamke mfanyakazi amepika na kufua miaka mitano, hulipwa mshahara wake, hupewa nguo wakati wa Krismasi, na huombewa katika sala za jioni. Lakini huitwa "msichana" tu, na watoto wa nyumba ile hawalijui jina la baba yake. Yuko kijana mlemavu ambaye kanisa zima humwekea mikono kila mkutano, wala hakuna hata siku moja aliyoulizwa, "Wewe waonaje?" Huko ni kumhurumia mtu kutoka juu. Mwenye kutoa hujiona mkubwa zaidi kila atoapo, naye mwenye kupokea hurudi kwake na kitu mkononi na jeraha moyoni. Kati ya mavazi yote hili ndilo gumu kulivua, kwa sababu watu hutusifu tulivaapo.

Huenda msomaji akafadhaika, akasema, "Ikiwa mambo ni hivyo, nani aliye salama?" Na afadhaike kidogo, lakini asikate tamaa, kwa maana hata kanisa la Mitume halikuwa salama. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba katika Yerusalemu wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawanyo wa chakula wa kila siku. Hatuambiwi kwamba mtu aliamuru wasahauliwe. Walisahauliwa tu, kama mtu asahauvyo kitu ambacho hakikukaa vema katika mawazo yake. Mitume hawakusema kwamba wajane wale ni walalamishi. Waliagiza watu saba wachaguliwe kwa ajili ya kazi ile, na majina ya wale saba ni majina ya Kiyunani. Yaani chakula kiliwekwa mikononi mwa watu wa upande uliosahauliwa.

Tena tazama habari ya Petro. Yeye aliingia nyumbani mwa Kornelio, afisa wa jeshi la Kirumi, akakiri kwamba Mungu hana upendeleo. Hata hivyo, baadaye katika mji wa Antiokia alikuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi, na watu fulani walipokuja kutoka Yerusalemu akaondoka polepole mezani pale. Paulo alimkemea mbele ya watu wote, naye ameyaandika hayo katika waraka wake kwa Wagalatia. Ajabu ya habari hii ni kwamba Petro hakubadili imani yake hata kidogo. Angeulizwa siku ile kama Mungu huwapenda watu wote sawa, angejibu ndiyo. Kilichobadilika ni kiti chake. Basi tunajifunza kwamba mtazamo wa siri hauonekani katika maneno tunayoyakiri. Huonekana mahali tunapokaa, na hasa mahali tunapokaa watu wa kwetu wakituona.

Yupo msomaji mwenye akili atakayeleta pingamizi. Atasema, "Mwalimu, mawazo huja yenyewe. Mimi sikuyaita. Zaidi ya hayo, watu wabaya wako kweli, na mtu asiyewadhania vibaya kamwe ataibiwa mpaka godoro." Pingamizi hili linastahili jibu. Ni kweli kwamba magugu huota katika shamba la chai bila kupandwa, na hakuna amlaumuye mkulima kwa kuota kwake. Lakini gugu likiachwa msimu hata msimu, likanyweshwa na kutiliwa mbolea, mkulima hawezi tena kusema lilikuja lenyewe. Nasi huyanywesha mawazo yetu kwa mizaha ya mezani, kwa visa vya kuchekesha juu ya kabila fulani, na kwa habari tuzipokeazo katika simu na kuzipeleka mbele kabla hatujauliza zimetoka wapi.

Ama juu ya watu wabaya, tujifunze kwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Karani hutundika mzigo wa kila mkulima katika mizani peke yake. Akikuta majani magumu mahali palipotakiwa majani mawili na kichipukizi, huyakataa, wala hana lawama. Lakini akiupunguza uzani wa mzigo wangu kwa sababu jirani yangu jana alichanganya majani magumu, nitapiga kelele mpaka wakubwa waje, na kila mtu kituoni atasema nina haki. Basi mtu na apimwe kwa mzigo wake. Aliyeiba na aitwe mwizi. Ndugu yake, mtu wa kijiji chake, msemaji wa lugha yake, hao wana mizigo yao. Na hapa ndipo jibu la swali letu la kwanza lilipo. Nimdhaniapo mtu vibaya kwa ajili ya watu wake, nimemhukumu bila kumsikiliza. Amekwisha kupoteza kitu mikononi mwangu, nacho ni haki yake ya kusikilizwa, hata kama mkono wangu umekaa mfukoni.

Wala tusidhani kwamba hasara hiyo hubaki ndogo siku zote. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 nchi iliwaka moto. Mpaka mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa, na mamia ya maelfu wameacha makao yao. Kericho haikusalimika. Wachuma chai waliokaa huku miaka mingi walikimbia na watoto wao na vyombo walivyoweza kubeba, na katika sehemu nyingine za nchi Wakipsigis nao walilia. Wengi wa waliofukuza na wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa, na Krismasi ilikuwa imepita siku chache tu.

Yafikiri hayo, msomaji. Mtu hawezi kujifunza kumchukia jirani wa miaka ishirini kwa muda wa siku tatu. Siku tatu zatosha kuwasha kuni, lakini hazitoshi kuzikausha. Kuni zile zilikuwa zimekaushwa zamani, kidogo kidogo, katika mazungumzo ya jioni ambayo hakuna aliyeyaona kuwa dhambi. Ndiyo maana uvumi ulipokuja kwamba watu fulani wamepanga jambo fulani, haukuombwa ushahidi. Maziwa mapya yalimiminwa ndani ya kibuyu kisichosuguliwa. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri mbele ya taifa kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Kukiri huko kulikuwa kugumu, nako kulifaa. Lakini kulikuja wakati makaburi yamekwisha kuchimbwa. Ni heri kusugua mapema.

Sasa sikiliza habari nyingine, ya watu ambao siku ya kujaribiwa iliwakuta ndani yao ni safi. Mwezi wa Novemba 2014, karibu na Mandera, wauaji wa kundi la al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Baada ya siku ile Wakristo wengi wa Kenya walitia Waislamu wote katika mzigo mmoja, wakaupima mara moja. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, likielekea Mandera, lilisimamishwa karibu na El Wak. Wauaji waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao alikuwa Salah Farah, mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu wa shule. Alipigwa risasi, akafa hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016. Wengi wa Wakristo waliokuwa ndani ya basi lile waliokoka.

Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, na katika hadithi ile aliyetenda wema hakuwa kuhani wala Mlawi. Alikuwa Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji walizoea kumdharau. Sisi tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka Msamaria amekuwa jina la sifa, na uchungu wake umetutoka. Ukitaka kuusikia uchungu wake tena, ondoa neno Msamaria, utie mahali pake jina la watu ambao nyumbani kwenu hutajwa kwa kubetua midomo. Wanafunzi wengine watatia jina la kabila, wengine la dini, wengine la ukoo. Jina litakalokujia kwanza ndilo ulilolitafuta. Hapo kibuyu chako hakijasuguliwa.

Nami nitakupa maswali matatu ya kujisugua nayo, maana mtu akijiuliza tu, "Je, nina chuki?" moyo hujibu upesi, "Hapana." Swali la kwanza: habari gani mbaya huzisadiki bila shahidi, nazo ni juu ya nani? Ukisikia kwamba mtu wa kwenu ameiba husema, "Tungoje tusikie." Ukisikia kwamba mtu wa kwao ameiba husema, "Nilijua." Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kipimo cha dharau yako. Swali la pili: mwenzako wa kabila jingine akiwa wa kwanza darasani, moyo wako husema amesoma, au husema amependelewa? Swali la tatu: ni nani unayemsalimu kila siku wala hujapata kula chakula chake? Wakipsigis husalimiana kwa neno chamgei, na ndani ya neno hilo mna shina la neno la kupenda. Ni salamu njema. Lakini salamu hulipwa kwa pumzi tu, na kula pamoja hulipwa kwa kitu kingi zaidi.

Ukiona masalio, usijipige kifua sana wala usitangaze kwa watu, kwa maana hata toba yaweza kugeuka kuwa vazi la nne. Fanya jambo dogo lililo kinyume cha dharau yako. Jifunze jina la mfanyakazi wa kwenu na jina la mahali alipozaliwa. Mezani mzaha uleule ukianza, usiucheke. Huhitaji kuhubiri, kutocheka kwatosha. Habari mbaya ikija katika simu, iache ilale humo mpaka ipate shahidi. Kaa na yule usiyepata kukaa naye, na watu wa kwenu wakija, usihame kiti.

Jambo moja limebaki, nalo ni hatari ya insha za namna hii. Huenda umekuwa ukisoma huku ukimfikiri mtu mwingine, ukisema, "Laiti fulani angeisoma hii." Msomaji mpendwa, kibuyu cha fulani ana ufito wake mwenyewe. Wewe shika wako, uanze kusugua kwako.